Mashine ya Kusokotea ya Wening

Kra... tak. Kimya. Kra... kra... tak.

Bibi Kasmirah alifumbua macho gizani, akabaki amelala akisikiliza. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Mlio ulitoka jikoni, ambako Wening, mke wa mwanawe, alikuwa ameamka tena kabla ya majogoo ili afanye mazoezi ya kusokota sigara kwa mashine ya mbao. Hiyo ilikuwa wiki ya tatu.

Mtu mwingine angesikia kelele za mbao tu. Kasmirah alikuwa amesokota sigara za karafuu miaka thelathini na moja katika kiwanda kimoja hapo hapo mjini Kudus, kisiwani Java, na mlio ule aliujua kama mama anavyojua kikohozi cha mtoto wake. Kra ni mpini ukisukumwa, ukanda wa kitambaa ukiibana tumbaku. Tak ni mpini ukivutwa, msokoto ukidondoka umeshavishwa karatasi. Msokotaji aliyekomaa huenda kratak, kratak, kratak, kama mvua inayoanza juu ya vigae. Wening alienda kama mtu mwenye mwiba mguuni.

"Mungu wangu, binti huyu," alinong'ona Kasmirah. Akauondoa taratibu mguu wa mjukuu wake Gendis uliokuwa juu ya tumbo lake. Gendis alikuwa na miaka minne, na hulala kama amedondoshwa kutoka mtini.

Zilibaki siku nne. Jumamosi Kasmirah angeondoka kiwandani kwa sababu umri wake ulikuwa umefika, ingawa magoti yalikuwa yamefika mapema zaidi. Hapo kiwandani palikuwa na desturi: mwanamke anayeondoka baada ya miaka mingi huruhusiwa kumleta mwanamke mmoja wa nyumbani kwake. Akiweza kusokota sigara mia mbili nzuri kwa saa moja mbele ya msimamizi, kiti kinakuwa chake. Asipoweza, kiti kinakwenda kwa wengine, na waliokuwa wakingoja walikuwa wengi.

Na Wening asipokipata, angepanda ndege kwenda Taiwan kumuogesha na kumlisha mzee asiyemjua, miaka mitatu. Wakala alikuwa ameshapiga simu mara mbili wiki ile. Pasipoti ilikuwa kabatini chini ya vitambaa vya batiki. Wartono, mume wake, alikuwa mbali, kisiwani Kalimantan, kwenye mashamba ya michikichi, na Gendis alikuwa amekwisha kumzoea baba kama uso wa ndani ya simu. Kasmirah hakutaka mtoto yule apate mama wa namna hiyo pia.

Ndiyo maana alikuwa akisikiliza kila alfajiri, bila kusema neno, kwa kuwa jioni alikuwa ameshasema yote. Shika tumbaku kidogo. Usisukume kwa hasira. Paka gundi ukingoni tu. Wening aliitikia kila kitu, akafuata kila kitu, na misokoto ikatoka ina vitambi kama nyoka waliomeza panya.

Kra... kra... tak.

Kisha palikuwa kimya kirefu. Kasmirah alisikia kitu kizito kikiburutwa juu ya meza. Halafu:

Kratak. Kratak. Kratak. Kratak.

Aliketi kitandani. Akashuka pekupeku, akashika ukuta hadi kwenye mlango wa jikoni, akachungulia.

Wening alikuwa ameigeuza mashine. Aliiinamia kwa upande wa nyuma kama kuku anayechungulia ndani ya sufuria, mgongo umepinda, na mpini alikuwa ameushika kwa mkono wa kushoto. Misokoto ilidondoka mmoja baada ya mwingine, imenyooka, myembamba upande wa mdomo na minene upande wa moto, kama inavyotakiwa.

"Wening."

Binti aliruka. Mkono wa kushoto ukaenda nyuma ya mgongo haraka sana, kama umeiba sukari.

"Samahani, Mama! Nilikuwa nachezea tu. Nageuza sasa hivi."

"Usiguse. Nani kakufundisha hivyo?"

"Hakuna mtu, Mama. Wa kulia ulichoka, nikasema ngoja nijaribu. Sitarudia."

"Mkono wako ni huo? Tangu utotoni?"

Wening aliinamisha kichwa. "Marehemu mama aliufunga kwa kitambaa nilipoanza shule. Nikazoea. Kula, kuandika, kufua, vyote nafanya kwa wa kulia. Ila kitu kipya mkono huu ndio unaotangulia."

Kasmirah alivuta kigoda akaketi, maana ghafla alikumbuka jambo. Siku ya kwanza Wening alipoingia nyumba ile kama bibi harusi, alimletea chai mbele ya mashangazi wote, na akaitoa kwa mkono wa kushoto. Kasmirah hakuipokea. Aliiacha ikining'inia hewani, akatabasamu, akangoja mpaka binti abadilishe mkono, na mashangazi wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Alijiona mama mkwe mwenye adabu. Hakuuliza kwa nini mkono ule ndio uliotangulia.

"Wiki tatu," alisema Kasmirah. "Wiki tatu nakupigia kelele kila jioni, wewe unasokota kwa mkono wa kuazima. Kwa nini hukuniambia?"

"Ni sigara, Mama. Kitu cha kuwekwa mdomoni mwa mtu. Nitasokotaje kwa mkono wa kushoto? Watu wangesemaje?"

"Watu watavuta, wakohoe." Kasmirah aliokota msokoto mmoja, akauviringisha kati ya vidole. Ulikuwa mgumu mahali pa kuwa mgumu na laini mahali pa kuwa laini. Akacheka peke yake. "Ona huu! Mimi ilinichukua mwaka mzima kufika hapa. Lakini hivi ulivyojikunja, baada ya saa moja watakubeba kwa machela. Weka chai. Kukipambazuka tunakwenda kwa Sarpan."

Sarpan alikuwa fundi seremala wa mtaa wa nyuma, na nusu ya mashine za kiwandani zilitoka mikononi mwake. Aliposikia alichoombwa aliwatazama kama wameomba mlango wa kutokea juu.

"Mpini kushoto, Kasmirah? Na ukanda uende kinyume? Na karatasi iingilie huku?"

"Kila kitu kinyume, Kaka Sarpan. Jumamosi tunaihitaji."

"Miaka arobaini mikono yangu inaijua upande mmoja tu. Nikifumba macho nitakutengenezea ya kulia."

"Basi usifumbe."

Alikuna kidevu. Kisha akaingia chumbani, na muda si muda zikasikika kelele za mkewe, Bibi Rukanah.

"Sarpan! Kioo changu cha harusi hicho! Unakipeleka wapi?"

"Nakiazima."

"Unataka kujitazama, leo? Na uso huo?"

Fundi alitoka amekumbatia kioo kirefu cha meza ya kujipambia, akakiegemeza kwenye benchi lake la kazi, akaiweka mbele yake mashine ya zamani waliyomletea. Akaichungulia ile iliyokuwa ndani ya kioo. Mpini ulikuwa kushoto.

"Haya," alisema, amefurahi kama mtoto. "Hiyo hapo. Nimeshaitengeneza, bado kuitoa tu."

Kabla hawajaondoka alimwita Wening. "Nipe mkono wako nipime mpini. Huo wa kazi."

Wening alisita. Kumpa mzee mkono wa kushoto! Sarpan aliona, akafuta vumbi la mbao kwenye suruali, akanyoosha wa kwake wa kushoto kwanza, ukabaki hewani ukingoja. Binti akaushika. Fundi alivipima vidole vyake kimoja kimoja bila haraka, akaandika kwa penseli kwenye kipande cha ubao. Kasmirah aligeuka akatazama mbuzi wa jirani kwa muda, maana macho yalikuwa yamejaa.

Ijumaa baada ya sala ya mchana mashine ilifika, imepigwa msasa mpaka ikateleza kama sabuni. Mpini ulikuwa umechongwa kibonde kidogo cha kidole gumba. Fundi alikataa chochote isipokuwa bakuli la supu ya nyati wa kufugwa, na alipomaliza akaomba la pili kwa ajili ya mwenye kioo.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi banda la kiwanda lilikuwa limejaa. Wanawake mia tatu walikaa wawili wawili kwenye meza ndefu, kila msokotaji na mkataji wake. Msokotaji husokota, mkataji hupunguza ncha kwa mkasi na kufunga mafungu. Harufu ya karafuu hapo haisikiki tena puani, imeshakuwa hewa yenyewe.

Mkataji wa Kasmirah alikuwa Ngaisah, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya filimbi, aliyemzidi miezi sita na ambaye hakumwacha asahau. Naye alikuwa ameruhusiwa kubaki mwaka mmoja zaidi, maana wakataji wenye mkasi mwepesi kama wake hawapatikani. Kwa miaka ishirini na sita walikuwa wameketi pamoja, Ngaisah upande wa kulia, karibu na dirisha pekee lenye upepo. Kiti kile cha dirishani alikuwa amekipigania ujanani, na kila mtu alijua.

"Huyu ndiye mkwe?" alisema Ngaisah, akimpima Wening kwa macho. "Mwembamba. Kasmirah, humlishi?"

"Nakula, Mama Mkubwa," alisema Wening.

"Basi chakula kinaenda wapi? Na hiki ni kitu gani? Mashine imezaliwa imetanguliza miguu?"

Meza nzima ikacheka. Msimamizi, Mama Mukaromah, mwanamke mnene wa miwani na filimbi shingoni, akasogea. Aliitazama mashine. Akautazama mkono ulioushika mpini.

"Kushoto?"

Vicheko vilikoma.

"Ndiyo, Mama," alisema Kasmirah upesi. "Ndivyo Mungu alivyomuumba. Sisi tulijaribu kumrekebisha, tukamharibia."

"Hapa hapajawahi kusokota mtu kwa kushoto."

"Hapakuwahi kuwa na choo cha ndani pia," alisema Ngaisah, "na sasa tunacho."

Mama Mukaromah alikwenda ukutani kwenye karatasi ya kanuni, akaisoma kwa kidole kutoka juu. Kucha zikatwe. Pete zivuliwe. Manukato marufuku. Kula mezani marufuku. Kupiga soga wakati wa kazi marufuku. Alisoma mara mbili. Habari ya mkono haikuwepo.

"Mia mbili," alisema. "Zenye kitambi sihesabu. Saa inaanza... sasa."

Kratak, kratak, kratak. Kasmirah alisimama nyuma ya kiti chake mwenyewe, mikono ikicheza hewani bila kazi. Mlio ulikuwa mzuri. Wanawake wa meza za jirani waliusikia, wakaanza kugeuka. Lakini dakika kumi zilipopita aliona tatizo.

Mashine ya kinyume iliitoa misokoto upande wa kushoto, na Ngaisah alikuwa kulia. Kila Wening alipojaza konzi, ilibidi ampe. Naye hakuweza kumpa mtu mzima kitu kwa mkono wa kushoto. Basi aliachia mpini, akaihamishia misokoto mkono wa kulia, akainamisha kichwa kidogo, akaitoa kwa adabu, akarudi kwenye mpini. Mara ya kwanza ilipendeza. Mara ya kumi ilikuwa imekula dakika tatu.

"Nipe hivyo hivyo, mwanangu," alinong'ona Ngaisah. "Kwa huo huo ulionao."

"Siwezi, Mama Mkubwa."

"Nakuruhusu!"

"Siwezi. Mkono unakataa." Na ilikuwa kweli. Alijaribu, na mkono wa kushoto ulisimama njiani kana kwamba bado umefungwa kitambaa. Jasho lilimtoka. Msokoto uliofuata ulitoka na kitambi.

Nusu saa. Mama Mukaromah alihesabu mafungu. "Themanini na moja."

Adabu ile ile aliyoingoja kwa tabasamu mbele ya mashangazi ndiyo iliyokuwa ikimpeleka binti Taiwan. Angewezaje kumwambia leo aitupe?

Ngaisah aliweka mkasi chini. Akasimama. Akachukua kigoda chake, mto wake wa kukalia, chupa yake ya chai na kandambili zake, akazunguka meza nzima mpaka upande wa kushoto, mahali pa giza chini ya ngazi ambapo upepo haukuwahi kufika, akajisukuma pale akaketi.

"Dada, unafanya nini?" aliuliza Kasmirah.

"Nimehama."

"Na dirisha lako?"

"Limenichosha. Linaniletea kikohozi." Kisha akamwinamia Wening. "Wewe binti, nisikilize. Usinipe chochote. Umesikia? Hata msokoto mmoja usinipe, nitakukasirikia. Wewe sokota, iache idondoke hapo. Mimi nitaiba."

"Utaiba, Mama Mkubwa?"

"Nitaiba! Wewe tazama mbele. Mtu akiibiwa hakosi adabu."

Kicheko kilichopasuka pale kilifika hadi meza za mwisho. Wening alicheka pia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na mabega yake yakashuka. Mkono wa kushoto ukarudi kwenye mpini. Kratak, kratak, kratak. Misokoto ilidondoka, na vidole vya Ngaisah vikaipokonya kabla haijatulia, mkasi ukilia juu yake, kacha, kacha, kacha.

"Mwizi!" alipiga kelele mwanamke wa meza ya nyuma.

"Kaite polisi!" alijibu Ngaisah bila kuinua macho. "Ila wasije kabla ya saa moja."

Wasokotaji wa pembeni walianza kufuata mapigo ya Wening bila kukusudia. Meza moja, kisha mbili, kisha mstari mzima ukaenda kwa mwendo mmoja, mpaka sakafu ikatetemeka. Kasmirah alikuta mguu wake unapiga nao. Msimamizi alikuwa na filimbi mdomoni ya kuwanyamazisha, lakini hakuipuliza. Aliishika tu kwa meno, na kichwa kikamtikisika kidogo, kulia, kushoto.

"Saa imekwisha!"

Mashine zikasimama. Mama Mukaromah akavaa miwani vizuri, akahesabu fungu kwa fungu. Alitoa pembeni misokoto kumi na nne yenye vitambi. Akatoa mwingine mmoja, akautazama kwenye mwanga, akaurudisha. Wening alikuwa ameuficha tena mkono wake mapajani. Ngaisah aliinama akaukamata, akauweka juu ya meza na kuufunika kwa wa kwake.

"Mia mbili na tatu," alisema msimamizi.

Hakuna aliyekumbuka baadaye nani alianza kupiga makofi. Kasmirah hakupiga. Alikuwa amemkumbatia Wening kutoka nyuma, kidevu juu ya ushungi wake, akimwambia maneno ambayo hata yeye hakuyasikia kwa kelele.

"Jumatatu saa kumi na mbili kasoro robo," alisema Mama Mukaromah, "na kucha uzikate. Hizo za kushoto ndefu." Akaondoka hatua mbili, akarudi. "Dada yangu mdogo naye ni wa kushoto. Nyumbani tulimpiga vidole kwa mwiko." Akapuliza filimbi, watu wakarudi kazini.

Wening alitoka nje kumpigia simu wakala. Kupitia mlango wazi Kasmirah alimsikia akisema, "Hapana, Bwana. Hapana, sitakuja. Nimepata kiti," kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Kisha akampigia Wartono, na kule Kalimantan kukawa na kelele za mtu anayeruka.

Kilichobaki kilikuwa kidogo. Kasmirah alikusanya vitu vyake: kikombe, kitambaa cha kufutia gundi, picha ya Gendis iliyobandikwa chini ya meza. Wenzake walimletea mkate wa wali uliofungwa kwa jani la mgomba, jenangi, ile haluwa ya nazi, na mtandio ambao walikuwa wamechangiana kwa siri. Mmoja alimfunga kamba ya kiatu kwa sababu alijua magoti yake. Aliwashika mikono wote, meza kwa meza, na ilichukua muda mrefu.

Mwisho alifika chini ya ngazi. Ngaisah alikuwa anafuta mkasi uliokuwa safi.

"Basi, Dada," alisema Kasmirah. "Kuna joto hapa."

"Si sana."

"Mtunze mkwe wangu."

"Nitamtunza nini? Nitamwibia kila siku." Ngaisah alifuta mkasi tena. Sauti yake ya filimbi ilikuwa imeshuka chini, hata Kasmirah akalazimika kuinama ili amsikie. "Miaka ishirini na sita umekaa hapo unanichosha na habari za magoti yako. Sasa nitasikiliza nini?"

"Wening ana magoti."

"Ya kwake bado mazima." Akainua macho. "Sikiliza. Saa sita tunakula nje, ukutani, kivulini. Unapajua. Njoo Jumatatu."

"Jumatatu? Dada, leo ndiyo naondoka!"

"Basi Jumanne. Mlete na mtoto. Usilete chakula, nitaleta mimi. Kasmirah, nasema kweli. Njoo utuone."